Sanduku la Vifaranga na Wanaolidharau

Nimestaafu ualimu, lakini ubishi sijastaafu. Kwa muda mrefu nimelisikia neno moja likirudiwa na watu wa kila aina, wasomi na wasiosoma, viongozi na raia: kwamba chombo kisichonunuliwa dukani si chombo. Neno hili ni la uongo, na tena ni uongo wenye gharama. Katika insha hii nitalishambulia mahali pamoja tu, nako ni kwenye sanduku la kutotolea vifaranga, ambalo wengine huliita kiangulio na wengine inkubeta. Nimelichagua kwa sababu nalijua, na kwa sababu hasara itokanayo na ujinga juu yake naiona mwaka hadi mwaka hapa Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji hujaza matenga juu ya magari yaendayo Dar es Salaam.

Hoja yangu ni hii. Mtu, kikundi au shule itakayo kuangua vifaranga kwa mashine na ianze kwa kuunda yenyewe sanduku dogo la mayai hamsini. Likishaangua vizuri mara tatu, hapo ndipo inunue kubwa ikitaka. Anayeanza na mashine kubwa ya kununua, asiyojua ndani yake kuna nini, anafanana na mtu anayenunua basi kabla hajajua kuendesha baiskeli.

Tuanze na mwalimu wa kwanza wa kazi hii, naye ni tetea. Anapoatamia hafanyi muujiza wowote. Anafanya mambo manne. Analipa yai joto la mwili wake. Analigeuza kwa mdomo na miguu mara nyingi mchana na usiku, ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ndani ya ganda. Analiachia unyevu wa kadiri. Na anainuka kila siku kwenda kula, hewa safi ikapita. Siku ya 21 vifaranga wanadonoa ganda. Joto, kugeuza, unyevu na hewa: mwenye kuyatimiza hayo manne amefanya kazi ya tetea, hata kama sanduku lake limetokana na kabati bovu. Asiyeyatimiza hakuangua kitu, hata kama mashine yake inang'aa kama gari la harusi.

Wanaodhani kwamba ufundi huu ni siri ya viwanda vya mbali hawajui historia yake. Wamisri wa kale walijenga matanuri ya matofali ya udongo, wakaangua mayai kwa maelfu, na watu wa kazi ile walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na haidanganyiki. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekuwa akiishi Uingereza, aliunda tanuri lililojiongoza lenyewe: joto likizidi, pombe iliyomo chomboni hutanuka na kuisukuma zebaki, na zebaki hufunga njia ya hewa ya moto. Huyo ni miongoni mwa mababu wa themostati zote tulizo nazo leo. Mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu kizima juu ya kuangua kuku bila tetea, na kati ya nishati alizotumia ilikuwa samadi. Naam, samadi! Tena karibu na mwaka 1880, daktari wa uzazi wa Paris, Stéphane Tarnier, alipoona viangulio vya kuku katika bustani ya wanyama ya jiji lile, alimwomba Odile Martin, aliyevishughulikia, amuundie kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya watoto njiti. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mtu analicheka sanduku la vifaranga, mkumbushe kwamba mashine inayomlinda mtoto njiti hospitalini ina undugu nalo.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, na wa kwanza ni muuzaji. Miaka michache iliyopita kikundi cha akina mama katika kata yetu kilichanga fedha za alizeti kikanunua mashine ya bati yenye tarakimu nyekundu mlangoni. Aliyeileta aliiwasha, akahesabu fedha zake, akaondoka. Akina mama wakaweka mayai yapatayo mia mbili. Siku ya 21 kukawa kimya. Siku ya 23 walikuwa na vifaranga kumi na watatu, wote kutoka trei ya juu. Mwenyekiti wao alikuja kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumeambiwa kwamba mayai yetu hayakuwa na jogoo."

"Marahaba, mama. Nanyi mnasemaje?"

"Majogoo tunao. Tena kila siku wanapigana."

Tulipasua mayai yaliyobaki. Mengi yalikuwa na viinitete vilivyokufa, vingine vya siku chache, vingine vikiwa na manyoya tayari. Yai lisilo na mbegu halioti manyoya. Nikaweka vipimajoto viwili vya kioo ndani ya mashine ile, kimoja trei ya juu, kimoja trei ya chini, nikangoja saa nzima. Juu kilisoma zaidi ya nyuzi 38, chini hakikufika 36, na mlangoni tarakimu nyekundu zikisema 37.5 bila haya. Kihisi joto kilikuwa kimening'inizwa mahali pamoja tu, karibu na feni, na feni yenyewe ilipeleka hewa juu peke yake. Nilimpigia simu yule muuzaji.

"Mzee wangu," alisema, "tarakimu zinasoma ngapi?"

"Thelathini na saba nukta tano."

"Basi mashine iko sawa."

Sitamtaja jina, maana wa namna yake ni wengi. Ninachotaka msomaji akione ni jibu lile. Mayai yamekufa, lakini tarakimu ziko hai, basi kila kitu kiko sawa! Kosa hili si la umeme, ni la elimu. Akina mama wale hawakukosa akili. Walikosa kitu kimoja, ujuzi wa kuihoji mashine, na ujuzi huo haufungashwi pamoja na bati. Unapatikana kwa kuunda.

Tuone basi mtu anayeunda anajifunza nini. Anachukua plaiwudi, anatengeneza sanduku lenye urefu wa sentimeta 60, upana na kimo cha sentimeta 45 hivi, kuta mbili mbili, katikati anashindilia pumba za mpunga au maranda ya mbao. Hapo amejifunza kuhifadhi joto. Anafunga balbu mbili za nyuzi za wati 40, si moja, ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki, na anazikinga kwa kipande cha bati ili joto lisiyaunguze mayai yaliyo karibu. Hapo atagundua kwamba balbu mpya zinazosifiwa kwa kubana umeme hazimfai, kwa kuwa hizo hutoa mwanga mwingi na joto kidogo, naye anataka kinyume chake. Anaweka themostati, ambayo siku hizi ni kibao kidogo cha umeme chenye bei nafuu, na kihisi chake anakiweka usawa wa mayai, si darini. Anaweka feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, isambaze joto pembe zote. Anatoboa matundu chini na juu, kwa sababu yai linapumua kupitia maelfu ya vitundu vya ganda lake, na kiinitete kinapokua kinahitaji hewa zaidi. Anaweka sahani pana ya maji, kisha anaacha sanduku likiwaka tupu siku mbili nzima, akiandika joto kila baada ya saa chache, kabla ya kuweka hata yai moja.

Kipimajoto ndicho moyo wa kazi yote, na hakiaminiwi mpaka kihojiwe. Kitumbukize katika maji yenye barafu iliyopondwa, ukikoroga: kisome sifuri. Kisha kilinganishe na kile cha zahanati katika maji ya vuguvugu. Kikikosea kwa nusu nyuzi, andika kosa lake juu ya sanduku. Penye feni, joto liwe kati ya nyuzi 37.5 na 37.8. Pasipo feni, hewa ya juu ni moto kuliko ya chini, hivyo pima usawa wa mgongo wa yai na uweke nyuzi 38.3 hadi 38.9. Ukijua kwa nini tarakimu hizi mbili zinatofautiana, umeshafaulu fizikia kuliko wengi waliokariri kanuni.

Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Huna kipima unyevu? Chukua kipimajoto cha pili, kivishe utambi wa pamba uliochovya majini. Kikisoma nyuzi 29 hivi wakati kikavu kinasoma 37.7, uko mahali pazuri, na siku za mwisho utambi uonyeshe kama 32. Kwetu Singida, ambako upepo wa kiangazi hukausha hata mate mdomoni, mwenye kupuuza sahani ya maji atakuta vifaranga wamekwama ndani ya utando mgumu kama ngozi ya ngoma.

Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaache. Idadi iwe witiri, ili upande uliolala usiku huu usilale tena usiku wa kesho. Yamulike siku ya 7 kwa tochi ndani ya boksi lenye tundu: yenye uhai yana mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, yasiyo na mbegu ni meupe tu. Usitumie mayai yaliyokaa zaidi ya wiki moja, wala yaliyopasuka. Na ukumbuke kwamba joto kuzidi linaua upesi kuliko joto kupungua. Umeme ukikatika saa mbili tatu, funika sanduku kwa blanketi, weka ndani chupa za maji ya moto zisizogusa mayai, na pengine hutapoteza kitu ila kuchelewa. Lakini themostati ikinasa ikaacha balbu ziwake mfululizo, utapoteza yote. Waliopita katika migao ya umeme ya mwaka 2006 na 2011 hawahitaji kuambiwa kwa nini jambo hili ni la kujua kabla, si baada.

Mpinzani wa pili ananiambia: "Mwalimu, ya nini taabu yote hiyo? Nunua vifaranga wa siku moja kutoka kampuni kubwa." Huyu sitamcheka, kwa maana ana hoja. Mtu anayefuga kuku wa nyama awauze baada ya wiki chache na anunue vifaranga. Kuku wale wamezalishwa kwa ukoo maalumu, na sanduku langu haliwezi kumpa ukoo huo. Lakini kuku wa kienyeji je? Mbegu yake iko uani kwetu, imezoea maradhi yetu na makombo yetu. Kwa nini tuifuate mbali? Tena tukumbuke yaliyotokea Namanga mwaka 2017, ambapo vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria waliteketezwa kwa moto na mamlaka zetu, kwa hofu ya mafua ya ndege. Watu walibishana sana kuhusu ukatili na kuhusu ujirani mwema. Mimi nilijiuliza swali jingine: nchi yenye kuku kila kijiji inakuwaje mtu avuke mpaka kutafuta kifaranga? Jibu langu ni kwamba mayai tunayo, majogoo tunao, ila ufundi wa kuyakutanisha na joto tumeudharau.

Mpinzani wa tatu anasema tetea anatosha. Nampenda tetea kuliko anavyompenda yeye. Lakini tetea anaatamia mayai kumi au kumi na mawili, wiki tatu, kisha analea miezi miwili au mitatu bila kutaga, huku mwewe na kicheche wakimpunguzia watoto. Kwa mwaka atafanya mizunguko mitatu au minne tu. Akinyang'anywa mayai yake, anarudi kutaga mapema. Hiyo ndiyo faida ya sanduku. Hata hivyo, anayesema sanduku linamfukuza tetea hajaelewa: tetea ndiye atagaye, na tetea mwenye afya ndiye chanzo cha yai jema. Jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi, na chakula cha kutosha, ndipo mashine inapoanzia.

Lakini hapa sharti niwageukie hata walio upande wangu, wale wanaoshangilia sanduku na kusahau malezi. Sanduku linazalisha yatima. Kifaranga akitoka anaweza kukaa siku mbili hivi bila kula, kwa sababu amekwisha kufyonza kiini cha yai tumboni, ila joto hawezi kulikosa. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yamfunike. Mzungushie kinengunengu cha maboksi au mabati, duara lisilo na pembe, kwa sababu penye pembe vifaranga hurundikana na kukanyagana mpaka wafe. Hapa huhitaji hata tarakimu. Wakijikusanya chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia na kuhema midomo wazi, wana joto. Wakirundikana upande mmoja, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika wakidonoa, ondoka kimya kimya, uwaache.

Na jiko la mkaa? Wengi wetu hatuna njia nyingine, silikatazi. Ila usifunge madirisha yote ukaliacha likiwaka. Moshi usioonekana wa mkaa unaua vifaranga, na unamuua pia mtoto aliyepewa kazi ya kuwalinda. Mkaa uwashwe nje mpaka ushike, uingizwe ndani ya chungu au jiko lenye kifuniko, na juu ukutani pabaki nafasi ya hewa. Usisahau chanjo ya mdondo. Ile ya I-2 inastahimili joto, ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Kuangua vifaranga mia na kuwazika wote kwa mdondo ni kazi bure.

Sasa nimfikie mpinzani wa nne, ambaye ndiye anayenikera zaidi, maana anakaa ofisini mwetu sisi walimu. Yeye husema kwamba sanduku la vifaranga shuleni ni mchezo, na kwamba wanafunzi wanahitaji "sayansi halisi". Nimesomea ualimu katika miaka ambayo Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikuwa bado mbichi vichwani mwetu. Nilishuhudia jinsi shule nyingi zilivyoigeuza kuwa jembe tu: watoto wakalima, mazao yakaliwa na wakubwa, na kujitegemea kukawa jina la adhabu. Wazazi waliochukia walikuwa na haki. Lakini sanduku la vifaranga si jembe. Haliwezi kuendeshwa bila daftari. Mtoto anasoma kipimajoto, anachora mstari wa joto wa siku 21, anapiga asilimia ya mayai yenye mbegu na ya yaliyoanguliwa, na siku ya 7 anauona kwa macho yake moyo ukipiga ndani ya yai. Akikosea, hapewi alama ya mkwaju, anapewa yai lililokufa na swali: limekufa siku ya ngapi, na kwa nini? Kama hiyo si sayansi, basi nionyeshwe iliyo sayansi.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari zetu. Nimefurahi, na nina hofu. Hofu yangu ni kwamba amali itafundishwa kwa chaki: mwalimu atachora inkubeta ubaoni, mwanafunzi atainakili, mtihani utauliza sehemu zake tano, na hakuna hata kifaranga mmoja atakayelia katika shule nzima. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sisi tunataka mwana asiyesana wala kuvukuta, ila aeleze faida tano za mvukuto.

Kwa hiyo nasema wazi ninachotaka. Kila shule yenye mkondo wa kilimo na ufugaji iunde sanduku moja. Nyaya zifungwe na fundi umeme, kwa maana umeme wa majumbani si wa kuchezea watoto, lakini mbao, pumba, kupima na kugeuza viwe kazi ya wanafunzi. Vikundi vya akina mama na vijana visipewe mkopo wa mashine ya mayai elfu kabla havijaonyesha daftari la sanduku la mayai hamsini. Na maofisa wanaozindua mashine kwa kukata utepe, warudi siku ya 21 kuhesabu vifaranga. Picha ya siku ile ndiyo igandikwe ukutani.

Nawe, ndugu msomaji, ukijiwa na muuzaji, mkaribishe kwa heshima na umuulize maswali matatu. Kipimajoto cha mashine hii kimehakikiwa kwa nini? Umeme ukikatika saa nane usiku nifanye nini? Na ukifungua mfuniko huu wa nyuma, waweza kunionyesha kila kilichomo na kazi yake? Akiyajibu yote, ni mwalimu, na fedha yake ni halali. Akisita hata kwa moja, zirudishe fedha zako mfukoni, uende kwa seremala.